Somo la 11: Mama Mwenye Mimba na Dawa ya Kuacha Tumbaku

Siku moja ya kupima mimba alikuja kwetu mama mmoja kutoka upande wa Salamabila, katika teritwari ya Kabambare, mahali watu wengi wanapochimba dhahabu. Mimba yake ilikuwa ya miezi minne. Tulipomwuliza habari za homa, za chakula na za damu, alijibu vizuri. Tulipomwuliza kama anavuta sigara, alitazama chini. Halafu akafungua fundo la kitenge chake, akatoa kiboksi kidogo.

"Mganga," akasema, "wifi yangu anakaa Ubelgiji. Nilimwambia kwa simu ya kuwa nimejaribu kuacha sigara mara mbili, nikashindwa. Naye amenitumia hii. Mume wangu anasema ni tumbaku ya Wazungu, itamwua mtoto. Mama mkwe anasema niitupe, ninuse tumbaku yetu tu, kwa maana yeye alizaa watoto 8 akinusa. Nifuate neno la nani?"

Ndani ya kiboksi mlikuwa na chingamu ya nikotini. Hatukumjibu upesi, maana swali lake si la kujibiwa kwa neno moja. Somo hili ni jibu letu kwake, na kwa mama wengine wa Kasongo na Kabambare wanaovuta, wanaonusa au wanaotafuna tumbaku wakiwa na mimba.

Nikotini na moshi

Yatupasa kwanza kupambanua vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Nikotini ni ile nguvu iliyomo katika jani la tumbaku. Ndiyo inayomfunga mtu, akaamka asubuhi na kuitamani kabla ya kunawa uso. Nayo ni sumu. Wakulima wengine hulowesha majani ya tumbaku katika maji, wakayanyunyiza juu ya mboga, na wadudu wakafa. Katika mwili wa mtu, nikotini huuendesha moyo mbio na kuibana mishipa ya damu.

Moshi ni jambo jingine. Moshi wa sigara una maelfu ya vitu ndani yake. Una lami inayonata mapafuni, na una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo waganga huiita monoksidi ya kaboni. Ni hewa ile ile inayowaua watu waliolala na jiko la makaa katika nyumba iliyofungwa madirisha. Kazi ya damu ni kuichukua hewa njema kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini mwote. Lakini hii hewa ya sumu huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa njema, na ikiisha kukaa haitoki upesi.

Sasa mfikirie mtoto tumboni. Yeye hapumui kwa pua. Hewa yake yote na chakula chake chote hutoka katika damu ya mama, hupita katika kondo la nyuma, na kumfikia kwa njia ya kitovu. Mama akivuta sigara, mambo mawili hutokea pamoja: nikotini huibana mishipa, na ile damu kidogo inayopita imejaa hewa ya sumu. Ni kama njia ya kwenda soko la Kasongo wakati wa mvua nyingi, daraja limevunjika nusu, na tena vikapu vinavyovuka ni vitupu.

Ndiyo maana mtoto wa mama avutaye huzaliwa na uzito pungufu, karibu gramu 200 kwa kawaida. Ndiyo maana pia mama hao huzaa kabla ya wakati mara nyingi kuliko wengine, au kondo la nyuma huachana na tumbo kabla ya mtoto kutoka, na damu nyingi ikamwagika. Wengine huzaa mtoto aliyekwisha kufa. Mambo haya si mapya. Mwaka 1957 mganga Simpson wa California, Marekani, alichungua habari za mama zaidi ya 7000 waliojifungua. Akaona ya kuwa waliovuta walizaa kabla ya wakati karibu mara mbili kuliko wasiovuta. Tangu hapo nchi nyingi zimepima na kuona vivyo hivyo.

Mtu atasema, "Gramu 200 ni kitu gani? Ni konzi mbili za mchele." Lakini katika nchi yetu mama wengi wenye mimba wana malaria, nayo malaria hujificha katika kondo la nyuma. Wengi wana minyoo na upungufu wa damu. Mtoto amekwisha kunyang'anywa uzito kabla sigara haijafika. Yule ambaye angezaliwa na kilo 2 na gramu 600, sigara humshusha hata kilo 2 na gramu 400, naye amevuka mpaka wa chini, ule wa kilo 2 na nusu. Wakunga wanajua jinsi watoto kama hao wanavyopoa mwili usiku wa kwanza na kushindwa kunyonya. Wako mama wanaosema, "Afadhali mtoto mdogo, atatoka upesi." Mama anayesema hivyo hajakesha na mtoto wa kilo 1 na nusu.

Chingamu hii ilitoka wapi

Ilianzia Sweden. Mwaka 1967 waganga waliona ya kuwa mabaharia wa manowari zinazopita chini ya maji, kwa kuwa hawakuruhusiwa kuvuta humo ndani, walitafuna tumbaku wakatulia. Fundi wa dawa mmoja, jina lake Ove Fernö, akafikiri: kumbe kinachotafutwa ni nikotini, si moshi. Mtu akipewa nikotini kidogo pasipo moshi, kisha akapunguziwa pole pole, je, hataweza kuacha? Wakatengeneza chingamu, ikaanza kuuzwa Uswisi mwaka 1978. Baadaye ikaja plasta inayobandikwa juu ya ngozi, nayo hutoa nikotini kidogo kidogo kutwa nzima. Mwaka 2009 Shirika la Afya la Ulimwengu liliziandika chingamu na plasta hizi katika orodha ya dawa za lazima.

Basi mume wa yule mama alikosea alipoiita tumbaku ya Wazungu. Ni dawa, imepimwa, na kipimo chake kimeandikwa juu ya kiboksi. Lakini hakukosea kabisa, maana nikotini imo ndani yake.

Je, ni salama kwa mwenye mimba?

Hapa tuseme kweli yote, wala tusimfurahishe mama kwa nusu yake.

Huko Uingereza waganga waliwachukua mama 1050 wenye mimba waliokuwa wakivuta. Nusu walipewa plasta yenye nikotini, nusu plasta ya sura ile ile isiyo na kitu, wala hakuna aliyejua amepewa ipi. Habari zao zilitolewa mwaka 2012. Siku ya kuzaa, katika kila mama 100 wenye plasta ya nikotini, 9 walikuwa wameacha sigara. Katika wale wengine walikuwa karibu 8. Tofauti ni ndogo sana. Lakini sikiliza neno hili: katika kila 100 waliopewa nikotini, 7 tu waliitumia zaidi ya mwezi 1. Wengi waliogopa, au walichoka, wakaiweka kabatini. Dawa iliyo kabatini haimponyi mtu. Tena mwili wa mwenye mimba huivunja nikotini upesi kuliko kawaida, hivyo dawa hupungua mapema na hamu ikarudi.

Watoto wa mama hao walifuatwa hata miaka 2. Hawakuonekana kuwa wameharibiwa na plasta ya nikotini. Wale wa nikotini walikuwa na hali njema hata kidogo zaidi: katika kila 100, watoto 73 walikuwa hawana kasoro ya kukua, na kwa wengine 65.

Huko Ufaransa, mwaka 2014, zilitolewa habari za mama 402 waliopimwa kwa namna hiyo hiyo. Huko plasta haikuwasaidia kuacha, wala uzito wa watoto haukubadilika. Lakini mama wenye nikotini walionekana kuwa na shinikizo la damu lililopanda kidogo, yaani ile hesabu ya chini. Jambo hili tumelishika, na kila mama anayetumia nikotini tunampima shinikizo kila anapokuja.

Mwaka 2020 wachunguzi walizikusanya habari zote za namna hii, za mama zaidi ya 2000. Wakasema ya kuwa huenda dawa hizi husaidia kidogo kuacha sigara mwishoni mwa mimba, na ya kuwa hawakuona dalili kwamba zimemdhuru mtoto. Hawakuona pia dalili thabiti kwamba zimemfaidi. Shirika la Afya la Ulimwengu lilipoandika mashauri yake juu ya mimba na tumbaku mwaka 2013, halikusema "zitumieni" wala halikusema "msizitumie". Lilisema kila mama aulizwe habari za tumbaku, na anayetumia apewe shauri na msaada wa kuacha. Waganga wa Uingereza wao huwapa mama wenye mimba dawa hizi wakizihitaji.

Twasemaje sisi? Iliyo bora ni mama kuacha tumbaku yote pasipo dawa ya nikotini, akisaidiwa na watu wake na mganga. Lakini mama anayevuta kila siku, aliyejaribu akashindwa, chingamu au plasta ni afadhali kuliko sigara. Nikotini atapata, lakini kwa kadiri ndogo, pasipo lami na pasipo hewa ya sumu. Kati ya mashimo mawili, moja lafika gotini na jingine lafika shingoni. Hatumwambii mtu aruke katika la gotini kwa kupenda. Twamwambia atoke katika lile la shingoni.

Yule mama alikuwa akivuta sigara 10 kwa siku. Tulimwonyesha jinsi ya kuitafuna chingamu, maana haitafunwi kama peremende. Hutafunwa pole pole hata ladha kali kama ya pilipili itokee, kisha huwekwa kati ya shavu na ufizi ikae kimya. Ladha ikiisha hutafunwa tena. Moja hukaa kinywani karibu nusu saa. Akiimeza nguvu yake kwa haraka, tumbo litamchafuka bure. Yake ilikuwa ile ndogo, ya miligramu 2. Tulimwambia aitumie tu wakati hamu inapomshika, asiifanye chakula cha kila saa, wala asiitafune na huku anavuta. Kama angekuwa na plasta tungemwambia aitoe kabla ya kulala, mtoto apumzike na nikotini usiku. Na kiboksi akitundike juu, mbali na watoto, maana chingamu chache zinatosha kumtia mtoto mdogo hatarini.

Mama ambaye havuti kila siku, au anayevuta moja kwenye sherehe, hana haja na dawa hii. Vidonge vya kuacha sigara vilivyoingia katika orodha ya dawa za lazima mwaka 2021, viitwavyo bupropioni na vareniklini, wenye mimba wasivitumie. Na zile sigara za umeme ambazo vijana huzileta kutoka mijini, sisi hatuzitoi wala hatumshauri mama kuzinunua sokoni, kwa maana hakuna ajuaye kilichotiwa ndani.

Tumbaku ya kunusa si dawa

Sasa tuje kwa neno la mama mkwe, kwa maana hilo ndilo linalowapoteza wengi, kuliko chingamu ambayo wengi wetu hatutaiona kamwe.

Mama huacha sigara kwa sababu watu wanamcheka, au kwa sababu amesikia moshi ni mbaya, kisha akashika tumbaku ya kunusa au ya kutafuna na kujihesabu kuwa ameacha. Wengine huinusa ili wasitapike katika miezi ya kwanza, wengine ili kupunguza mate, wengine kwa jino bovu, wengine ili kusahau njaa shambani. Ni kweli, haina moshi. Lakini nikotini imo tele, wala hapana aliyeipima. Mara nyingi huchanganywa na majivu au magadi ili iwe kali, na hayo ndiyo yanayoifanya nikotini iingie katika damu upesi zaidi. Chingamu ina miligramu 2 na kiboksi chasema hivyo. Kibuyu cha bibi hakisemi kitu.

Hata huko Sweden, nchi ile ile iliyozaa chingamu, wanawake wengine hutia tumbaku ya unga chini ya mdomo. Waganga wa huko walipochungua vitabu vya uzazi, waliona ya kuwa mama waliotumia unga huo wakiwa na mimba walizaa watoto waliokufa, na watoto wa kabla ya wakati, zaidi ya mama wasiotumia. Nao hawakuvuta moshi. Lakini walioacha mapema katika mimba, hatari yao ilishuka.

Mama mkwe alizaa watoto 8, nasi twamheshimu. Tulimwita naye, akaja siku ya pili. Tulimwuliza kwa upole alichukua mimba ngapi. Akanyamaza kidogo, akasema 11. Hatuwezi kusema tumbaku ndiyo iliyowachukua wale 3. Homa yaweza, na mambo mengine mengi yaweza. Lakini tangu siku ile hakumpa mkwewe kibuyu.

Kuacha kwenyewe

Wengi wa wasomaji wetu hawana wifi Ulaya. Basi wajue ya kuwa watu wengi sana duniani wameacha tumbaku pasipo dawa yo yote. Siku 3 za kwanza ni ngumu kuliko zote: mtu hukasirika, kichwa huuma, usingizi hukimbia, mikono haijui ikae wapi. Baada ya wiki 2 hata 4 uzito wake hupungua. Hamu yenyewe ikija haikai. Dakika chache, hupita. Katika dakika hizo mama anywe maji, atafune karanga au kipande cha muwa, aende kwa jirani, ashike jembe, hata ipite. Asiweke sigara nyumbani "kwa wageni". Achague siku, amwambie mtu, naye mtu huyo amwulize kila jioni.

Mume naye ana kazi. Mama akiacha na baba akavuta kitandani, mtoto bado anakunywa moshi. Tena twaona jambo moja kwenye machimbo: sigara huuzwa moja moja, na mume humtuma mke akamnunulie. Mume anayemtuma mke aliyeacha amemrudisha kwa mikono yake mwenyewe.

Wakati ni wa thamani. Waganga wa Nyuzilandi na Australia walitoa habari mwaka 2009 ya kuwa mama walioacha sigara kabla ya wiki ya 15 walizaa watoto wenye hali sawa na wa mama wasiovuta. Walakini hata anayeacha katika mwezi wa 7 amefanya vyema, maana ile hewa ya sumu hutoka katika damu kwa siku moja au mbili, na katika miezi ya mwisho ndipo mtoto anapoongezeka uzito.

Na aibu? Katika makanisa yetu mengi tumbaku ni neno la kuulizwa na wazee, na kwa ajili hiyo mama wengi hutuficha sisi pia. Mama, kitabu cha mimba si kitabu cha wazee wa kanisa. Yaliyoandikwa humo hayatoki katika chumba cha kupimia. Ukisema huvuti na kumbe unavuta, tutatafuta sababu ya mtoto kutokua mahali isipokuwapo. Nanyi wauguzi wenzangu, mama akisema kweli, msimkemee. Nimewahi kukemea hivyo, mwanzo wa kazi yangu, na mama yule hakurudi tena kupimwa. Alizaa njiani.

Mama wa Salamabila alirudi mara 5. Mara ya pili alikuwa ameanguka, alivuta sigara 3 siku ya matanga. Tulimwambia aendelee. Chingamu zilimwisha katika mwezi wa 6 wa mimba, naye hakuagiza nyingine. Mtoto wa kike alizaliwa kwa wakati wake, kilo 2 na gramu 700. Hatusemi chingamu ndiyo iliyofanya hayo. Alitumia pia chandarua na dawa za damu, na mume wake alivutia nje.

Maswali ya kuzungumza katika darasa la mama

1. Kwa nini mtoto wa mama avutaye hukosa hewa, na mama mwenyewe haoni taabu?
2. Chingamu ya nikotini na tumbaku ya kunusa zote zina nikotini. Zimetofautianaje?
3. Mama mmoja ana mimba ya miezi 7. Anavuta sigara 2 kwa siku, naye ananusa tumbaku jioni pamoja na dada zake. Hajawahi kujaribu kuacha. Jirani anataka kumwuzia plasta ya nikotini iliyotoka Bujumbura, nayo haina kiboksi. Mngemshauri nini, na mngeanzia wapi?